Darubini ya Gobore la Bi Arlys

Mwizi aliliacha gobore, akaondoka na darubini yake tu.

Mpelelezi Joleen Skaar wa polisi wa wilaya alisimama mbele ya kabati la bunduki nyumbani kwa Arlys Ronning, mikono yake ndani ya glavu, akalikagua bila kuligusa. Lilikuwa gobore la kisasa, chuma kinang'aa, ingawa bado ni la kushindilia baruti mdomoni. Mwizi yeyote mwenye akili timamu angebeba gobore zima. Huyu alikuwa amelisimamisha wima mahali pake.

"Uligundua saa ngapi, Bi Arlys?"

"Saa tisa na robo. Tangu saa saba nilikuwa kanisani, tunapika chapati za viazi za Krismasi. Nimerudi nilifute gobore vumbi, nakuta juu yake hakuna darubini."

"Mlango ulikuwa umefungwa?"

"Mwanangu, ufunguo wa mlango huu sijauona tangu marehemu mume wangu Halvor akiwa na nywele."

Joleen aliandika: hakuna dalili ya kuvunja. Angeweza kuandika hivyo kuhusu kila nyumba ya mji wa Nordlie, maana katika kona ile ya Iowa watu hufunga milango kwa ajili ya baridi tu.

Arlys alikuwa na miaka sabini na miwili, mdogo wa umbo, mkaidi kwa tabia, mjane wa miaka minne. Alikuwa amewinda kulungu misimu arobaini na mmoja. Sasa macho yake yalikuwa yamefanyiwa upasuaji na hayakuweza tena kulenga kwa vile vyuma vitupu vya juu ya mtutu. Bila darubini, kulungu na kichaka kwake vilikuwa kitu kimoja. Na siku hiyo ilikuwa Ijumaa. Msimu wa magobore ungefunguliwa Jumatatu alfajiri.

Hapo ndipo penye uzito. Arlys alikuwa amemwahidi binti yake, Karla, kwamba mwaka atakaoshindwa kupanda kilima na gobore lake, atafunga nyumba na kuhamia naye Arizona. Karla alikuwa amekuja Jumanne na tiketi mbili za ndege. Sanduku lilikuwa tayari limeteremshwa kutoka darini, liko wazi kwenye kochi, na ndani yake kuna sweta mbili.

Joleen alifundishwa kulenga shabaha katika uwanja wa nyumba hiyo akiwa na miaka kumi na miwili. Hakutaka kabisa Arlys aondoke. Lakini hakusema, kwa sababu watu wa Nordlie hawamwambii mtu akaishi wapi.

Alirudi kwenye eneo la tukio. Kwenye vishikio vya darubini hapakuwa na alama hata moja ya kidole; vilikuwa vimepanguswa. Skrubu zote nane zilikuwa zimerudishwa na kukazwa kwa kiasi kilekile, si zaidi, si pungufu. Na pale darubini ilipokuwa imekaa, chuma kilipakwa mafuta mepesi kisishike kutu.

"Nimefanya kazi hii miaka kumi na tisa," Joleen alisema, "sijaona mwizi anayepaka mafuta bunduki ya aliyemwibia."

Karibu na mlango, kwenye sinia la kuwekea viatu, palikuwa na kidimbwi cha theluji iliyoyeyuka chenye umbo la buti kubwa. Jamaa alikuwa amevua viatu kabla ya kuiba. Na jikoni, kwenye sahani ya keki za tufaha, kipande cha mwisho kilikuwa kimekatwa katikati kwa kisu na nusu yake kuachwa. Joleen alicheka peke yake. Katika wilaya nzima hakuna anayethubutu kula kipande cha mwisho kizima. Watu hukikata nusu, kisha nusu ya nusu, mpaka kibaki cha kumtosha sisimizi.

Mwizi alikuwa mtu wa hapahapa, tena aliyelelewa vizuri.

Mtu wa kwanza kuhojiwa alikuwa Karla, kwa sababu ndiye aliyefaidika.

"Kati ya saa saba na saa tisa ulikuwa wapi?"

"Dukani. Halafu nilikaa garini nikapiga simu."

"Unataka mama yako ahame?"

"Nataka asianguke kwenye ngazi ya kuwindia kule kilimani peke yake, akalala pale mpaka apatikane na mbwa wa mtu. Hilo ni kosa?"

"Si kosa. Onyesha kiatu chako."

Kiatu cha Karla kingeingia ndani ya lile dimbwi mara mbili. Joleen alimpa bisibisi na kumwomba alegeze skrubu moja. Karla aliikaza kwa nguvu zake zote, upande usio wenyewe, mpaka mama yake akamnyang'anya chombo. Mshukiwa wa kwanza akaondolewa kwenye orodha, na orodha ikabaki tupu.

Ili kutangaza mali iliyoibwa, Joleen alihitaji namba ya darubini. Namba angeipata kwa Orlin Bakken.

Orlin alikuwa na duka la zana za uwindaji kando ya kiwanda cha jibini. Alikuwa mseja wa miaka sabini, mrefu, na mpole kuliko ng'ombe wake mwenyewe. Watu walisafiri mwendo wa saa mbili kuja kumsikiliza. Ukitaka darubini ya gobore, Orlin hakuulizi kwanza unataka ipi. Anakuuliza unatia baruti kiasi gani, unavaa koti nene kiasi gani, na kulungu wako hutokea saa ngapi. Kisha anakukalisha na kahawa, anakueleza kwamba ukuzaji mkubwa wa picha ni mbwembwe tu. Gobore linapiga teke, kwa hiyo kwanza darubini iweze kulivumilia teke hilo bila msalaba wake wa ndani wa kulengea kuhama. Pili, jicho likae mbali nayo, isije ikakupasua paji la uso. Tatu, kioo kiokote mwanga wa jioni. Mengine ni rangi ya boksi. Oktoba alimchagulia Arlys darubini mbele ya meza nzima ya wanywa kahawa, akasema hii haitakuangusha. Arlys akajibu kwamba neno la Orlin analiamini kuliko utabiri wa hali ya hewa.

Joleen alimkuta nyuma ya kaunta. Jiko la kuni lilikuwa linawaka hadi dirisha linatoa jasho, lakini Orlin alikuwa amevaa kofia ya sufu, ameivuta hadi kwenye nyusi.

Alimweleza habari ya wizi. Orlin alisema ni jambo la kusikitisha. Alilisema akiangalia birika.

"Naomba namba yake."

Orlin aliitaja palepale, tarakimu tisa, bila kufungua daftari.

"Ilikuwa darubini nzuri?"

"Kahawa?"

"Hapana, asante. Ilikuwa nzuri?"

"Kidogo tu. Nusu kikombe."

"Orlin, nimekuuliza swali. Ni ya kuaminika ama si ya kuaminika?"

Mtu ambaye angeweza kuhubiri juu ya darubini tangu chakula cha mchana hadi jua kuzama alianza kufuta kaunta iliyokuwa safi. Joleen aliinama juu ya kaunta na kuvuta pumzi. Harufu ya baruti, ile ya yai viza, ilikuwa mbichi kwenye sweta la Orlin. Uwanja wa shabaha ulikuwa umefungwa wiki nzima kwa theluji. Aliangalia chini: buti kubwa, bado zina maji.

"Vua kofia."

"Nina baridi."

"Unatoka jasho. Vua."

Orlin aliivua taratibu. Juu ya nyusi ya kulia palikuwa na jeraha jipya, jembamba, lililopinda kama mwezi mchanga. Kila mwindaji anaijua alama ile. Ni busu la darubini kwa mtu aliyesogeza jicho karibu mno wakati gobore linapiga teke. Na katika wilaya yote, mtu wa mwisho kufanya kosa hilo la watoto angekuwa Orlin Bakken, labda awe amepiga risasi nyingi kwa haraka, na moyo wake haujatulia.

"Una haki ya kukaa kimya," Joleen alimwambia.

"Nimekaa kimya muda mrefu sana," alisema Orlin. "Ngoja nichukue koti."

Alitaka kukiri mbele ya mwenye darubini. Basi saa kumi na moja jioni wakawa wanne jikoni kwa Arlys, buti zote zimepangwa mlangoni, na kielelezo, ile darubini, kimelala mezani katikati ya vikombe, kimefungwa ndani ya mfuko wa plastiki. Orlin alikaa ukingoni mwa kiti.

"Ulichukua darubini hii?" Joleen aliuliza.

"Nilichukua. Saa saba na nusu."

"Kwa nini?"

Alieleza akiitazama meza. Jumatatu iliyopita mteja mmoja alimrudishia darubini kama hiyohiyo. Katika msimu uliotangulia alikuwa amemkosa kulungu aliyesimama hatua themanini. Orlin aliifungua akakuta msalaba wa ndani unacheza. Hakulala vizuri tangu siku ile. Aliagiza darubini nyingine, ya kutegemewa kweli, nyeusi na ndefu vilevile, ije Ijumaa. Mpango ulikuwa kuingia Arlys akiwa kanisani, kutoa mbovu, kufunga nzima, na baadaye kurekebisha shabaha kwa kisingizio cha huduma ya bure. Arlys asingejua. Lakini gari la mizigo likakwama kwenye theluji, na yeye tayari alikuwa na darubini mkononi. Akaenda nayo kwenye shamba lake, akaifunga juu ya gobore lake, akapiga risasi ishirini akiomba Mungu awe amekosea.

"Kwa nini hukunipigia simu?" aliuliza Karla.

"Mama yako alishasema, jambo moja zaidi likiharibika ataliona ni ishara, ataondoka." Aligusa jeraha lake. "Na mimi ndiye niliyemwambia haitamwangusha."

Arlys aliweka birika chini.

"Ilianza kuhama risasi ya ngapi?"

"Ya kumi na moja."

"Kwenda kushoto?"

"Kushoto. Upana wa kiganja." Orlin aliinua uso. "Umejuaje?"

"Tangu Novemba najua. Nimekuwa nalenga kiganja kimoja kulia."

Joleen aliweka kalamu chini.

"Uliijua ni mbovu," Joleen alisema polepole, "na hukumrudishia?"

"Alikuwa na furaha kweli siku ile aliponichagulia. Ningemvunjaje moyo? Kiganja ni kitu gani?" Kisha mdomo ukaanza kumtetemeka, na Arlys Ronning akacheka hadi akashika meza. Karla akafuata. Joleen alijitahidi kulinda heshima ya serikali, akashindwa, akafuta machozi kwa glavu ya ushahidi. Orlin peke yake hakucheka. Alikuwa amekunja kofia yake mpaka imekuwa kamba.

"Arlys," alisema, "usiende Arizona."

Kicheko kikakatika.

"Kwa nini?" Arlys aliuliza.

"Kwa sababu nakupenda. Ukienda, sitakuwa na wa kumchagulia chochote."

Theluji ilianguka kutoka kwenye paa na hakuna aliyegeuka. Arlys alimwangalia yule mtu mrefu, masikio mekundu, jeraha juu ya nyusi, na ilikuwa wazi kwamba alikuwa na furaha na wala hakuwa na nia ya kuificha.

"Miaka minne watu wa mji huu wananiletea vyakula," alisema. "Wananisafishia theluji kabla sijaamka. Na katika miaka yote minne hakuna hata mmoja aliyeniambia nibaki. Nilidhani kwenu ni sawasawa tu nikienda."

Joleen alihisi uso wake ukiwaka moto. "Bi Arlys," alisema, "na mimi naomba ubaki. Ningesema mapema."

"Karla, mwanangu," Arlys alisema, "lirudishe sanduku darini. Na tiketi ile uirudishe. Utakuja Krismasi ijayo uniangalie kama nimeanguka."

Karla alimtazama Orlin kwa muda, akimpima kama mtu anayekagua ngazi, kisha akatoa zile sweta mbili na kuanza kuzikunjua.

Arlys alimgeukia Joleen. Alifuta malalamiko yake ya wizi kwa sauti rasmi, akitaja tarehe. "Lakini maelezo yake uyaandike yote," aliongeza, "mpaka lile neno la mwisho. Halafu aweke sahihi. Nataka nakala yangu."

Joleen aliandika neno kwa neno na kumsogezea Orlin kalamu. Orlin aliyasoma yote taratibu, akatia sahihi kwa herufi kubwa.