Gudulia la Mdomo Mpana

KIVULI FUTI SABA

Chumba cha nyuma cha karakana ya Bulis, mtaa wa wafinyanzi, Athene, ambako saa hupimwa kwa urefu wa kivuli. Bulis mwenyewe. Kerdoni, mkuu wa kundi la wezi, mtoboa kuta. Na Tibio, mtumwa wa tajiri Eufranori. Kazi yake katika karamu ya leo: kuwashikia wageni gudulia la mkojo.

"Mgeni akialisha vidole, unampelekea gudulia," Kerdoni alisema. "Ukirudi, unapita mezani. Kikombe cha fedha kinazama mkojoni. Nani atachungulia?"

"Mdomo mwembamba, bosi," Tibio alisema. "Hakipiti."

Bulis akasukuma mbele gudulia jipya. "Humu kinapita."

"Unatoka kumwaga uani," Kerdoni aliendelea. " Nyuma ya kisima tutakuwa tumetoboa ukuta. Viwili unatupitishia. Cha tatu unatoka nacho shimoni. Kesho uko mji wa Megara, huna bwana."

"Apa, bosi."

"Naapa."

KIVULI FUTI KUMI NA MBILI

Matofali mabichi ya ukuta wa Eufranori hayakusumbua. Shimo likawa tayari. Kikombe cha kwanza kikatoka kinachuruzika. Kerdoni akakifuta kwenye vazi la Bulis.

"Mkojo wa matajiri, kaka. Nusa."

Kikatoka cha pili. Macho ya wageni yalikuwa kwa mpiga filimbi.

KIVULI FUTI ISHIRINI

Kikombe cha tatu kilikuwa kimeshazama, vidole vikalia tena kabla Tibio hajatoka uani. Kisha sauti ya kilevi.

"Eufranori, mtumwa wako ananiletea gudulia la kike. Mdomo wote huu, nichuchumae?"

Vicheko. Nje ya shimo, Bulis aliyasikia. Miaka ishirini anafinyanga: ya wanaume mdomo mwembamba, ya wanawake mpana. Leo alifikiria kikombe tu.

"Lete nilione," Eufranori alisema. "Mbona kuna kitu kinagonga humu?"

Gudulia likapasuka sakafuni. Miguu ikaja mbio. Kichwa cha Tibio kikatokea shimoni, kisha mkono mmoja. Mabega yakakwama. Bulis akaudaka mkono.

"Vuta, kaka. Vuta," Tibio alisema.

"Mwache," Kerdoni alisema.

"Anatoka huyu," Bulis alisema.

"Akitoka, wanatufukuza sote. Akibaki, wana mtu wa kumpiga. Sisi tutakuwa Megara."

"Bosi, uliapa," Tibio alisema.

Kerdoni akainua sururu. "Bulis. Mkono wake au wako."

Bulis aliachia. Kerdoni akampiga Tibio teke la uso. Kichwa kikarudi ndani.

SIKU YA SITA, MEGARA

Muuza vitunguu ndiye aliyeleta habari. Neno la mtumwa halipokelewi mahakamani mpaka ateswe, kwa hiyo walimfunga Tibio kwenye gurudumu la mateso. Siku tatu. Walimvunja magoti, wakammiminia siki puani. Siku ya nne alikufa.

"Alisema nini?" Kerdoni aliuliza.

"Hakusema kitu. Hakutaja hata mtu mmoja."

Bulis aliweka mkate chini.

Kerdoni alimaliza kutafuna, akajifuta mdomo. "Basi funga mizigo, kaka," alisema. "Tunarudi nyumbani."