Maji Aliyoyameza Wendelin

"Bibi, watalii wanakuja kuangalia viboko, hawaji kuangalia ugomvi wa ukoo wetu!" Ndivyo alivyonijibu Wendelin, mjukuu wangu, asubuhi kweupe, hapa hapa Katindiuka. Nikamwambia, huingii porini na mtu mliyenuniana naye. Kwanza mteme maji.

Alikuwa kachuchumaa mkekani kwangu, anapanga safari ya kuwatembeza wazungu kwa miguu kule hifadhini, kandokando ya mto. Anapanga kwa punje za mahindi: hapa watapumzika, hapa watakula, hapa watalala. Punje saba. Kesho yake akakague njia na Telesphory, binamu yake, mpishi wa safari. Huyo Telesphory ndiye aliyemzaba kofi mama yake Wendelin, matangani, mbele ya wakwe.

Nikamwita Telesphory, nikachota maji kwa kata. Kwetu waliogombana wanajaza mdomo, wanatema chini pamoja, halafu kila mtu anasema, "Nimeacha." Telesphory akatema. Wendelin naye akasema nimeacha. Lakini chini upande wake pakavu.

"Umemeza?"

"Aa, bibi nawe! Kiu tu." Akacheka.

Yaliyofuata kanisimulia Zakayo, askari aliyewatangulia na bunduki. Jua la saa sita, wanapita kwenye mchanga wa mto. Telesphory katikati, Wendelin nyuma kabisa. Mara, paa! Zakayo kageuka. Telesphory kashika shavu, damu inachuruzika, jino liko mchangani. Wendelin yuko mbali, hatua kama ishirini.

Paa! Shavu la pili. Mkono hauonekani.

Akanyanyuliwa juu. Akabamizwa chini. Akanyanyuliwa tena. Mbavu zinalia kama kuni kavu. Zakayo akapiga risasi. Wapi!

"Tema, kaka," Telesphory akanong'ona. "Tema."

Wendelin kasimama. Mashavu yamejaa, kama mtu aliyebeba maji mdomoni.

Hakutema.

Shingo ya Telesphory ikasokotwa, uso ukaja mgongoni. Tulimzika kifudifudi, ndipo uso ukatazama juu.

Wendelin hakuja mazishini. Kakimbilia Kidatu, anakata miwa.

Zile punje niliwatupia kuku. Kuku wakazikimbia. Asubuhi nazikuta mkekani, saba, zimelowa, zina mchanga wa mto. Nikazitupa chooni. Zikarudi. Na kila siku zimesogea. Wendelin alizipanga kuelekea hifadhini. Sasa zimegeuka, zinaelekea upande wa kwenye miwa.

Leo nimezihesabu nane. Ya nane siyo hindi. Ni jino, na damu yake bado mbichi.

Sasa wewe unayepanda gari kwenda huko, miguu yangu mimi haifiki. Mtafute. Mwambie bibi kasema ateme, leo leo, popote alipo. Na ukimkuta mashavu yamejaa, usimsogelee, mwanangu. Mpigie kelele kwa mbali.