Mtoto Aliyezidi

Harufu ndiyo iliyoanza. Asubuhi moja Bi Mkasi alifungua stoo ya karakana akakutana na harufu ya nywele zilizoungua, akadhani kuna fundi kasahau pasi juu ya kitambaa. Akainua majora yote, moja moja. Hakukuwa na hata doa. Akajisemea labda panya kaingia kwenye nyaya za umeme, akafunga mlango, akarudi kwenye kazi zake.

Yeye ndiye aliyekuwa msimamizi. Mafundi walimpa jina hilo kwa sababu mkasi haukumtoka shingoni, na ulimi wake nao ulikata vilevile. Karakana ilishona mashati ya sare za shule. Mafundi wakubwa walikaa kwenye cherehani. Watoto walikaa sakafuni, chini ya meza ya kukatia, wakishona vifungo na kupunguza nyuzi. Watoto wa umri wa kuvaa mashati hayohayo, ila shule waliisikia tu. Mnunuzi alipunguza bei kila alipoleta oda, na kila alipopunguza, Tajiri mwenye karakana alimwachisha kazi fundi mmoja na kuweka watoto mahali pake. "Vidole vyao vyepesi," alikuwa akisema, "halafu hawajui kudai." Wengi walikuwa wana wa mafundi haohao walioachishwa. Bi Mkasi mwenyewe alimleta Kidoti, binti wa dada yake, tangu dada alipolazwa chini na ugonjwa wa mgongo.

Siku ile walikuja wakaguzi wa mnunuzi. Kama kawaida, habari zilimfikia Tajiri kabla yao. Alipiga makofi mara mbili tu, na Bi Mkasi akawasukuma watoto stoo, nyuma ya majora.

"Atakayekohoa namkata masikio," alinong'ona. Wakacheka kwa kuziba midomo. Walimzoea.

Wakaguzi walinywa soda, wakapapasa kola, wakachungulia chini ya meza, wakaaga. Bi Mkasi akafungua stoo. Watoto wakatoka mmoja mmoja wakipepesa macho, naye akawa anamgusa kila mmoja kichwani, kwa mazoea tu, kama mtu anayehesabu kuku wakirudi bandani.

Alikuwa amezidi mmoja.

Akahesabu tena. Akawatazama nyuso: yule wa makamasi, yule wa pengo, yule anayependa kuimba, Kidoti na kidoti chake shavuni. Hakuna uso aliokuwa haujui. Na bado mmoja alikuwa amezidi.

"Kidoti," aliita kwa sauti ya chini. "Nani mgeni hapo?"

"Hakuna mgeni, mama mdogo. Tulimkuta humo ndani."

"Mlimkuta nani?"

Kidoti akageuka kuwatazama wenzake. Uso ukamkunjamana kama wa mtoto aliyesahau alichotumwa dukani. "Sijui," alisema. "Nilikuwa namjua sasa hivi."

Tangu hapo kazi ikawa inakwenda mbio. Oda iliyochelewa ikawahi. Lakini mchana, watu wakiwa uani wanakula na cherehani zote zimenyamaza, Bi Mkasi alibaki ndani akasikia chini ya meza uzi ukivutwa, tss, kisha meno yakiukata, kisha tss tena, na alipoinama kidogo aliona kutoka kwenye kivuli kirefu cha meza mkono mdogo, mwembamba, ukinyooka taratibu mpaka karibu kabisa na kiatu chake, ukalichukua shati lililokuwa pale na kurudi nalo gizani bila haraka, kama mkono wa mtu aliyekwisha kukuona na wala hajali.

Alipanda ngazi za ofisi ya Tajiri akishikilia ukuta.

"Tajiri, mle chini kuna kitu. Si mtu."

"Kinakula?"

"Hakili."

"Kinadai?"

"Hakidai."

Tajiri akacheka mpaka akajifuta macho. "Basi huyo ndiye mtu! Mganga sitaki hapa. Nenda kafanye kazi."

Naye akaenda. Tusimlaumu haraka. Chumba alicholala na dada yake kililipiwa na karakana ile, na dawa za dada vilevile. Akanyamaza, akawa tu anapita mbali na meza.

Mpaka jioni aliyokuwa akimwogesha Kidoti. Aliipaka mikono ya mtoto sabuni, akaisugua, akaisuuza, kisha akaishika akaikodolea macho. Mishipa ilikuwa imesimama. Ngozi ilikuwa imelegea ikajikunja, kucha zimekuwa nene, manjano, viungo vya vidole vimevimba. Juu ya viwiko alikuwa mtoto. Chini, bibi kizee.

"Haiumi, mama mdogo," Kidoti alisema. "Imechoka tu."

Dada, kutoka kitandani, alikuwa ameona. "Mdogo wangu," alisema polepole, "mikono hiyo ni ya nani? Mimi mwanangu nilikupa akiwa na mikono yake."

Kesho yake hakwenda kazini. Alikwenda kwa mganga, mama mmoja mnene, mcheshi, aliyetibu majini uani kwake huku akifua nguo za wajukuu. Mama yule aliacha kucheka Bi Mkasi alipofika kwenye habari ya stoo.

"Hilo limekuja kufanya kazi," alisema akikamua shati. "Limesikia mahali watoto wanafichwa gizani na hakuna anayewauliza, likajua hapa halitatambulika. Na halifanyi bure, mwanangu. Linajilipa kwa miaka ya wenzake."

"Tutalitoaje?"

"Waite mama zao. Kila mmoja amshike wake, amwite kwa jina alilompa yeye, atoke naye. Atakayebaki nitasema naye. Ila mwenye karakana asilikaribishe. Akitamka neno moja tu, mimi nachukua mfuko wangu."

Wakaja asubuhi, kabla cherehani hazijawashwa. Mganga akachoma ubani mlangoni. Tajiri alisimama kwenye ngazi akifoka kwamba lori linakuja, hakuna aliyemjali. Mama wa kwanza akaita, mwanawe akatoka mbio. Wa pili akaita. Wa tatu akasita.

"Nikimtoa leo," alimwambia Bi Mkasi, "kesho tunakula nini?"

"Sijui, dada. Mtazame mikono kwanza."

Akaitazama. Akambeba mwanawe mgongoni, mkubwa vile, akatoka akilia. Bi Mkasi akamshika Kidoti, akamwita jina lake la kuzaliwa, wakarudi nyuma mpaka kizingitini.

Chini ya meza alibaki mmoja, amewapa mgongo, anashona. Sindano ikaingia, ikatoka, ikaingia, na moshi wa ubani ulipomfikia ukajigawa ukampita pembeni, naye akaweka shati chini, akageuka, na kila mama aliyekuwa mlangoni akauona uso wa mwanawe mwenyewe ukimtazama kutoka kule chini, huku mwanawe kamshika mkono hapa.

"Mimi sina mama," alisema. "Nibaki?"

Mganga akafungua mdomo. Tajiri akamwahi.

"Baki."

Mganga akaumwagia ubani maji, akachukua mfuko wake. "Kwaherini," alisema.

Lango likafungwa kwa ndani, Tajiri na yule mtoto wakiwa humo; mafundi walipofika hawakufunguliwa. Kwa muda mrefu watu wa mtaa ule walisikia cherehani zikilia bila fundi hata mmoja kuingia, na kila asubuhi mizigo ya mashati ilikutwa nje, lori likaibeba. Wale mama walipata taabu, hilo lisifichwe. Wengine walifua nguo za watu. Wachache walipanga chumba pamoja na Bi Mkasi, wakashona viraka na mapazia, siku nyingine wakala, siku nyingine wakalala hivyohivyo. Kidoti alianza shule. Mikono haikurudi. Alishika penseli kama mzee anavyoshika fimbo, wenzake wakamwita Bibi, naye akawa anawaitikia, "Wajukuu zangu, hamjambo?"

Halafu siku moja mizigo haikuonekana. Lango lilipovunjwa, Bi Mkasi alikuwapo, kwa kuwa ndiye aliyeijua nyumba. Mashati yalikuwa yamejaa mpaka darini. Chini ya meza, amekunja magoti, nywele nyeupe pee, Tajiri alikuwa anashona vifungo.

Bi Mkasi akachuchumaa. "Tajiri. Yule mtoto yuko wapi?"

Hakuinua kichwa. Akakata uzi kwa meno, akavuta shati jingine. Upande wa pili wa ukuta, kwenye karakana ya jirani, mtu alipiga makofi mara mbili, na vikasikika vishindo vya miguu midogo ikikimbilia kujificha.

"Hapa kazi imemwishia," Tajiri alinong'ona. "Ameenda kuomba pale."