Kokoto Ndani ya Mtaro

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Getruda alikaa na mama yake juu ya gunia wakagonga kokoto. Nyumba yao ilikuwa kwenye mteremko wa mlima wa mawe mjini Mwanza, mahali ambapo ukitaka kupanda mchicha ni lazima uombe udongo kwa jirani. Mama alikuwa amepunguzwa kazi kiwandani, naye hakukaa kulia. Aliwasha moto wa magogo juu ya jabali, na likishika joto sawasawa alilimwagia maji, likapasuka paa! Mwaka ule wa 1997 kila mtu alikuwa anajenga, huyu duka, yule nyumba ya wageni, na kokoto za Mama Getruda zilikuwa hazikai.

Shida ilikuwa mahali pa kuziweka. Mlimani uwanja utautoa wapi? Sehemu pekee yenye sakafu safi ilikuwa mtaro mpya wa saruji, uliojengwa ili maji ya mvua yashuke ziwani bila kupita majumbani mwa watu. Kiangazi kizima mtaro ulikuwa mkavu. Basi Mama Getruda alimwaga kokoto zake humo humo, fungu juu ya fungu, zisichanganyike na udongo. Majirani waliona, wakanyamaza. Nani angethubutu? Ulimi wa mama yule ulikuwa mkali kuliko nyundo yake!

Siku moja Getruda alikuwa na kazi kubwa. Wanafunzi kutoka Misungwi walikuwa wanakuja kuutembelea mlima, na Mwalimu Luhaga wa jiografia alikuwa amemchagua yeye awaongoze. Bwana Masalu, msimamizi wa mitaro ya mji, naye angekuwepo.

"Mwanangu," mama alisema huku akimnyooshea kola ya shati, "wageni wapitishe njia ya juu. Huku kwetu hakuna cha kuona."

"Lakini mama, mtaro ndio..."

"Getruda! Lori linakuja Jumamosi. Nikinyang'anywa kokoto hizi, tutakula mawe?"

Getruda alifunga kamba za viatu. Alimpenda mama yake, na alijua jinsi mikono yake ilivyochubuka. Lakini chini kidogo ya mtaro aliishi Mama Rozina na kichanga chake, na tangu alfajiri wingu jeusi lilikuwa limetanda juu ya ziwa.

Wageni walifika, na safari ikaanza. Mhoja, mvulana wa Misungwi mwenye maswali yasiyokwisha, alitangulia kuuliza.

"Mlima huu ni volkano? Utatema moto lini, tukimbie mapema?"

Wenzake waliangua kicheko.

"Tulia, ndugu yangu," Getruda alijibu. "Mlima unaotema moto ni Oldonyo Lengai, kule Umasaini. Mawe haya nayo yalikuwa uji wa moto, ila yalipoa huko huko chini ya ardhi, zamani sana. Udongo wa juu ukamomonyoka, yakabaki wazi kama unavyoyaona."

"Basi hamna cha kuogopa!"

"Tunacho. Maji." Getruda aliwaonyesha jabali kubwa lililoinama, na chini yake ukuta mnene wa mawe na saruji. "Mvua ikichimba udongo, jabali hili litashuka. Ukuta unalizuia. Na mtaro unayachukua maji kabla hayajaanza kuchimba."

"Umesema vema, binti!" Bwana Masalu alifurahi. "Sasa tuonyeshe mtaro wenyewe."

Walikuwa wamefika kwenye njia panda. Njia ya juu ilikuwa rahisi, na hakuna ambaye angejua. Radi ikanguruma ziwani. Getruda akashika njia ya chini.

Mama yake alikuwepo, nyundo mkononi. Alipowaona, akasimama wima.

"Wageni wetu, huu ndio mtaro," Getruda alisema. "Umejengwa vizuri, lakini leo haufanyi kazi. Umezibwa na kokoto. Ni kokoto zetu, na mimi mwenyewe nilizibeba kwa karai."

"Getruda! Unaniumbua mbele za watu?"

"Nisamehe, mama. Mvua inakuja. Maji yakikosa njia yataingia kwa Mama Rozina, na mtoto wake hata kukaa bado hajajua."

Mama akageuka, akaitazama nyumba ya Mama Rozina. Nepi zilikuwa zimeanikwa kwenye kamba. Akaiweka nyundo chini polepole.

"Bwana, utazichukua?" alimwuliza Bwana Masalu.

"Mama, ninachotaka ni mtaro. Kokoto ni zako. Zitoe tu."

"Uwanja wetu wa shule uko hapo tu," alidakia Mwalimu Luhaga. "Zikae huko hadi lori lije."

Weee! Wanafunzi walijipanga mstari mmoja kutoka mtaroni hadi uwanjani. Makarai, ndoo na masufuria vikapita mkono kwa mkono. Mhoja alianzisha wimbo wa Kisukuma wa kulimia, na mstari mzima ukaitikia. Mama Getruda aliingia mtaroni na koleo, akichota kama watu watatu. Majirani wakatoka nao, mmoja mmoja, wakakunja mikono ya nguo.

Karai la mwisho lilipotolewa, mvua ilimwagika. Maji mekundu yalishuka kwa kishindo, yakaingia mtaroni, yakaupita mlango wa Mama Rozina bila kuugusa, yakaenda zao ziwani. Vigelegele vikalipuka! Watoto waliruka kwenye mvua wakamnyanyua Getruda juu juu.

Mama yake alikuwa amelowa chapachapa. "Jamani," alisema, "mimi niliona mtaro mkavu nikadhani hauna kazi. Kumbe kazi yake ni kungoja. Kinga haijengwi siku ya gharika. Hutunzwa siku ya jua." Kisha akamkumbatia binti yake. "Nilisema umeniumbua. La, mwanangu. Kama ungewapitisha juu, leo ningemtazamaje Mama Rozina?"

"Na sisi tulioona tukanyamaza?" Mama Rozina aliuliza, mtoto mgongoni.

"Ninyi ndio wakosaji wakubwa! Siku nyingine niambieni, hata kama nitawatukana."

Watu wakacheka mpaka wakashika mbavu, na Mama Getruda akacheka kuliko wote.