Chaji Iliyobaki Ndani ya Redio

Kila siku akitoka shule, Kiherehere alivua sare, akala alichowekewa, kisha akaingia karakanani kwa shangazi yake. Jina hilo alipewa na shangazi mwenyewe, kwa kuwa mikono yake ilifika kwenye kazi kabla ya akili. Shangazi alikuwa fundi wa redio za zamani, zile kubwa za mbao zenye taa za kioo ndani, na ndiye aliyemlea tangu alipofiwa na mama.

Karakanani palikuwa na sheria moja isiyo na mjadala. Ndani ya redio hizo mna kapasita, vikopo vinavyotunza umeme hata plagi ikishachomolewa. Kabla shangazi hajaingiza mkono, Kiherehere alipaswa kumwaga chaji iliyomo kwa waya maalumu, kupima kwa mita mpaka isome sifuri, kisha kusema kwa sauti, "Imekufa."

Siku hiyo waliletewa redio iliyokuwa ikivuma tu, maneno hayasikiki. Shangazi aliijaribu, akachomoa plagi.

"Shida iko kwenye pawa saplai, hapa umeme unapoingilia," alisema. "Kuna kapasita imechoka. Haya, mwaga chaji."

Nje wenzake walikuwa wanaruka kamba, na zamu yake imekaribia. Kapasita zilikuwa mbili. Alimwaga moja, mita hata hakuigusa.

"Imekufa!" akasema, na huyoo mlangoni.

Alisikia mlio mkali, kisha kishindo. Aliporudi, shangazi alikuwa sakafuni, macho wazi, mdomo haumtii. Fundi cherehani wa jirani alikuja mbio, wakambeba hadi zahanati. Umeme ulikuwa umemrusha, naye akauangukia mkono wake wa kulia. Kifundo kilivunjika, na daktari alisema vidole viwili havitakunjika tena.

Siku ya nne shangazi alirudi nyumbani, akakaa mbele ya ile redio.

"Miaka thelathini," alimwambia fundi cherehani. "Mtoto kaniambia imekufa, sijui nimegusa nini. Ni uzee tu, dada. Nafunga karakana."

Kiherehere alikuwa mlangoni, akisikia yote. Angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Lakini kumwona shangazi akijilaumu kulimuuma kuliko woga wake.

"Si uzee, shangazi. Ni mimi. Nilimwaga moja tu, na sikupima. Nilikuwa nawahi kuruka kamba."

Shangazi alimtazama mpaka mtoto akatamani bora apigwe.

"Ungeniua."

"Ndiyo, shangazi." Akaangua kilio.

Fundi cherehani aliondoka bila kuaga. Shangazi aliisogeza redio kwa mkono wa kushoto, akasema, "Lete mita."

Alimwelekeza kwa mdomo tu. Kiherehere alimwaga chaji ya kapasita zote mbili, akapima mara tatu, akang'oa kapasita iliyovimba na kulehemu mpya. Alijiunguza kidole, akaendelea. Plagi iliporudishwa, mvumo ulikuwa umekwisha, na mtu akasikika akisoma habari. Hakuna aliyetabasamu.

"Nisikilize, mwanangu," alisema shangazi. "Vidole hivi havitapona, na sitakudanganya kwamba nimesahau. Ungeniambia hukumaliza kazi, ningengoja, basi. Lakini ukisema umefanya jambo ambalo hukulifanya, mwenzio anaweka maisha yake juu ya neno lako. Leo umesema kweli, kwa hiyo sifungi. Ila kuanzia sasa mikono ya karakana hii ni yako, na mimi nitafanya kazi kwa kuuamini mdomo wako."