Kiapo cha Mnyonyeshaji

Asubuhi ile ya mvua ya rasharasha nilikwenda kasrini kuchukua nguo za marehemu mke wangu. Hawisa alikuwa mnyonyeshaji wa mwana wa mfalme. Kabla ya kupewa kazi aliapa, mkono juu ya mfupa wa mtakatifu, kwamba hatamnyonyesha mtoto mwingine mpaka mwana huyo aachishwe ziwa. Binti yetu mchanga, Amisia, akabaki kwa dada yangu, akilishwa maziwa ya ng'ombe kwa kitambaa. Kisha homa ikamchukua Hawisa. Amisia naye alitapika kila alicholishwa. Alikuwa anakauka mikononi mwetu.

Mabila, mtikisa susu, kitanda cha kubembea cha mwana wa mfalme, alinipokea mlangoni.

"Pole, msomi. Njoo uone kitu. Usipige kelele."

"Mnyonyeshaji mpya yuko wapi?"

"Kaketi jikoni, analia. Mtoto hamtaki. Hajagusa titi lake tangu tumzike Hawisa."

Nilimtazama mtoto susuni. Alikuwa amenenepa.

"Basi anakula nini?"

"Wewe ndiye uliyesoma Oksfodi," alinong'ona. "Mie natikisa susu tu."

Tulingoja mpaka kengele ya adhuhuri ikalia. Mabila akavuta kamba ya susu. Susu haikutikisika. Akavuta tena. Ilikuwa imeshikwa.

Mtoto akageuza shingo. Akafungua mdomo. Hapakuwa na mtu. Tulimsikia akimeza.

Nilipaswa kuogopa. Niliona wivu. Nilikuwa nimemlilia Hawisa usiku na mchana, naye alikuwa hapa, kazini.

"Mama Amisia," nilisema kwa sauti ya chini. "Mwanao anakufa kwa njaa. Uliapa ukiwa hai. Kiapo kimekwisha. Nenda nyumbani."

Kumeza kukakoma. Susu ikalegea, ikayumba yenyewe. Mwana wa mfalme akaanza kulia.

"Umefanya nini wewe?" Mabila aliuliza. "Akifa huyu, wataninyonga mimi, si wewe."

"Mwite yule wa jikoni. Sasa atamkubali."

Akamkubali. Nilisubiri nione hilo, kisha nikakimbia.

Dada yangu alikuwa uani, ananyonyoa bata.

"Kaka, mbona unahema hivyo? Amisia kalala. Sijamlisha bado."

Niliingia peke yangu. Amisia alikuwa ameshiba. Tumbo lilikuwa limejaa, pumzi nzito, midomo imelowa. Nikaketi kando yake. Nilingoja neno, au mguso mmoja tu begani. Nilingoja mpaka mvua ikakatika. Mimi sikupewa kitu.

Nilipomgeuza mtoto nililiona shavu lake lililokuwa upande wa ukuta. Lilikuwa na alama za mistari midogo iliyopishana, kama ya mtoto aliyelala akiegemea nguo nzito ya katani. Hatukuwa na nguo ya katani mle ndani. Katikati ya alama zile ulipita mshono uliokwenda upande, mshono wa mtu asiyejua kushika sindano.

Niliutambua. Sanda ya Hawisa niliishona mwenyewe.