Kilo za Bonge

Siku ya kupima watoto, Bibi aliamka na furaha ya mwenye harusi. Alimwogesha mjukuu wake, kisha akaanza kumvika. Fulana. Sweta. Sweta jingine juu yake. Mwisho bangili nzito, moja kila mkono.

Mtoto alizaliwa mnene, wakamwita Bonge. Kijiji kizima kilimjua, na Bibi alitembea kifua mbele kwa sababu yake.

"Mama, mbona mikono yake imekonda?" aliuliza mkwewe, mama yake Bonge.

"Anarefuka huyo. Nimelea saba mimi, usinifundishe."

Mkwe alishinda shambani. Bibi ndiye aliyebaki na mtoto na kumlisha uji.

Mzani ulining'inia kwenye boriti ya ghala la mahindi. Kila mwezi mhudumu wa afya alisoma kilo kwa sauti, na Bibi aligeuka kuona nani amesikia. Leo mkwe naye alikuja, na mhudumu alifunga mlango kuzuia upepo.

"Watoto wote wavuliwe nguo," alisema. "Tupime mtoto, tusipime sweta."

"Atapata baridi!" Bibi alikuja juu.

"Ni dakika moja tu, Bibi yangu."

Sweta la kwanza likatoka. La pili likatoka.

"Bibi, umehamisha duka?" mama mmoja alitania. Watu wakaangua kicheko.

Fulana na bangili nazo zikatoka. Hapo kicheko kikafa. Mbavu za Bonge zilihesabika.

Mhudumu alisoma mzani kimya, kisha akamzungushia Bonge utepe mkononi kupima unene wake. Bibi alitamani ardhi ipasuke immeze.

"Niliogopa watu watasema tumeshindwa kumlea," alisema kwa sauti ndogo.

"Mficha maradhi kifo humuumbua, Bibi. Mzani hautoi zawadi, unatoa habari. Kilo hizi nazipeleka wilayani. Wao huangalia watoto wanapungua wapi, ndipo wapeleke msaada. Wakidhani sote hapa tumenona, watatupita. Bonge unamlisha nini?"

"Uji mwepesi, uteremke vizuri."

"Tumbo lake dogo, maji yanalijaza upesi. Uji uwe mzito, ushike kijiko. Tia karanga zilizosagwa laini, au yai. Mpondee maharage, mboga na matunda. Ale mara kadhaa kwa siku, na maziwa ya mama yasikome. Leo hii mpelekeni zahanati, wamwangalie kama anaumwa."

Njiani Bibi alimshika mkwewe mkono. "Mwanangu, uliona, nikakuziba mdomo. Nisamehe."

"Yamekwisha, Mama. Tumlee pamoja."

Zahanati walimtibu Bonge minyoo. Nyumbani Bibi alisaga karanga. Mama alimnyonyesha kabla ya shamba na kila aliporudi. Hata baba, ambaye jikoni alipajua kwa harufu tu, alijifunza kuponda maharage.

Siku ile watoto wengine pia walikutwa wamepungua. Kilo za kweli zilifika wilayani, na haukupita muda akaja mtaalamu wa lishe kuwafundisha akina mama na akina baba.

Bonge akaanza kujaa tena, mwezi baada ya mwezi. Sasa ghalani Bibi humvua mwenyewe, uchi wa mnyama, bila kuambiwa. Juzi mhudumu alisoma mzani kwa sauti, na akina mama wakapiga vigelegele. Bibi alimnyanyua mjukuu wake juu, machozi yakimtoka.

"Mmesikia?" alisema. "Hizo zote ni zake mwenyewe!"